Motokaa Inayojizima Yenyewe

Huenda siku hizi umepanda motokaa, ikasimama palipo watu wengi, mara injini ikanyamaza kimya. Usishike rozari kwa hofu! Haikuharibika. Imejizima yenyewe, na dereva akiinua mguu kwenye breki itawaka tena.

Kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo iliyomo garini. Yenyewe hupima mwendo, joto la injini na nguvu ya betri. Ikiona gari limesimama kabisa na mengine ni sawa, hukata petroli. Injini ikiwa bado baridi, au betri imechoka, haizimi. Toyota walilijaribu jambo hili huko Japani tangu miaka ya 1970, maana injini ya gari dogo ikinguruma bure yaweza kunywa nusu lita hata lita nzima kwa saa.

Nami niliwauliza madereva watatu wa Korogwe. Wa kwanza huenda Dar es Salaam mara kwa mara; alilisifu sana kwa sababu ya foleni za kule. Wa pili, apelekaye abiria Handeni, alicheka: "Njia nzima nasimama mara ngapi? Kumshusha mama na kuku wake, basi!" Kila asubuhi hubonyeza kitufe chenye herufi A na mshale wa kuzunguka, akalikomesha.

Wa tatu hakucheka. Betri yake ilipokufa alitia ya kawaida, kwa kuwa ni rahisi. Kumbe magari haya yataka betri ya namna yake, ivumiliayo kuwasha mara nyingi kwa siku. Baada ya muda gari likaacha kujizima, naye akafurahi, asijue kwamba hiyo ndiyo ishara ya betri kuchoka. Usiku mmoja alikwenda kijijini kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu. Akazima injini kumngoja, isiwake tena. Nalo gari lisilo na klachi haliwaki kwa kusukumwa. Mama alifikishwa hospitali kwa pikipiki, na ashukuriwe Mungu, mtoto ni mzima.

Basi ukitaka kununua gari la namna hii, uliza kwanza bei ya betri yake. Tena, injini iliyonyamaza hivyo haijazimwa: zima kwa ufunguo kabla ya kufungua boneti, hasa watoto wakiwapo karibu.