Adabu ya Kusahihisha Maandishi ya Mwenzi

Kusahihisha maandishi ya mtu mwingine ni kazi ya lugha, na pia ni kazi ya adabu. Maandishi yawekwapo mbele ya watu wote, kama vile swali liletwalo gazetini au tangazo libandikwalo ubaoni, msomaji ajuaye lugha zaidi hutamani kuyatengeneza. Nia yake ni njema. Lakini haki yake yaishia wapi? Mifano ya Shinyanga na Geita yafaa kulieleza jambo hili, kwa sababu huko watu wengi huandika Kiswahili hali lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, na kazi ya madini imezaa maneno yake yenyewe.

Tuseme kwanza habari ya herufi. Kisukuma hakitenganishi r na l, na kwa hiyo mwandishi aweza kuandika "habali" mahali pa "habari". Hapo hapana shaka. Msahihishaji na abadili herufi bila ya kumcheka mwenyewe. Lakini akikuta maneno "viongozi wa kikundi waliingia kwa kula", afanyeje? Huenda mwandishi asema walichaguliwa kwa kura. Huenda pia asema walihonga. Herufi moja yatenga habari ya uchaguzi na mashtaka ya rushwa. Msahihishaji akikisia, amemtia mwenzake maneno kinywani. Hapana budi amwulize.

La pili ni maneno ya kazi. Katika Kiswahili cha vitabu, duara ni umbo la mviringo. Kwa wachimbaji wadogo wa Geita, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na mwenye duara ni mtu agharimiaye kazi ya shimo hilo, naye aweza kuwa si mwenye leseni ya eneo. Msahihishaji akifuta "duara" na kuandika "shimo", sentensi yapendeza, lakini mwenye duara amepotea, na huenda swali lenyewe lilikuwa juu ya mgao wake na mwenye leseni.

Vivyo hivyo, marudio ni mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, ambayo huchenjuliwa tena ili kupata dhahabu iliyobaki. Makinikia ni kitu kingine. Neno hili lilienea nchi nzima mwaka 1917 + 100, yaani 2017, Serikali ilipozuia makinikia ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyoko Kahama, yasipelekwe nje. Watu wengi waliyaita mchanga tu, ijapokuwa yalikuwa yamepita mtamboni, nayo yalikuwa na dhahabu, shaba na fedha. Mtu akiuliza bei ya marudio, na swali lake likageuzwa kuwa la mchanga, atajibiwa habari ya vifusi vya kujengea.

Jambo hili si geni katika historia ya lugha. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa na wajibu wa kusoma na kusahihisha vitabu vya shule kabla ya kupigwa chapa. Kazi hiyo iliipa tahajia umoja mkubwa. Lakini kipimo chake kilikuwa Kiunguja, na neno la mahali pengine liliweza kuhesabiwa kosa, hata kama lilitaja kitu kisichokuwa na jina lingine.

Basi adabu yenyewe ni hii. Kosa la tahajia lisilogusa maana lisahihishwe kimya. Penye maana mbili, mwandishi aulizwe. Asipopatikana, neno lake liachwe, na maelezo yawekwe kando. Mabadiliko makubwa yaonyeshwe wazi, ili msomaji ajue lipi ni la mwandishi na lipi ni la msahihishaji. Na mwandishi akitaka neno lake lirudishwe, lirudishwe, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa juu yake na wenzake wa kazini.