Mukaba ulifungwa India: nani ataulegeza huku kwetu?

Kwa muda wa miezi miwili, mwenzetu mmoja, dereva wa kamyo kubwa ya karieri, alikuwa akipanda basi ya kazi saa kumi na moja ya asubui na sashe ya plastiki ndani ya mufuko wa veste. Sisi wa sendika tuliiona ile sashe, hatukuuliza. Saa ya kula, wengine wakifungua bakuli zao za bukari na sombe, yeye alijitenga nyuma ya kontena. Akirudi, macho ni mekundu na midomo imekauka. "Aina kitu, ni tumbo tu," alisema.

Maneno yakaanza kutembea. Huku kwetu mutu akikonda, watu wana jibu mbele ya kuuliza. Wengine wakasema ni SIDA. Wengine wakasema kuna mutu anamuloga juu ya ile nafasi yake ya kazi. Kisha, siku moja, akaanguka chini ya ngazi ya kamyo, mbele hajapanda. Kama angekuwa juu, anashuka rampe na makumi ya tani za mawe mugongoni, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine, na isingekuwa ya mutu mmoja.

Haikuwa SIDA wala ulozi. Ilikuwa mukaba.

Mwenyewe ametukubalia tueleze habari yake, juu wengine wasipite njia ileile. Jina lake hatulitoe, wala la kampuni, wala la lopitali.

Ginsi ilianza

Mwenzetu alikuwa munene sana. Miaka saba iliyopita, ku vizite ya kila mwaka, munganga wa kazi alimuonya: tansio iko juu, usiku anakoroma mpaka pumuzi inakatika, na mutu anayesinzia muchana hawezi kuachiwa usukani. Aliogopa kupoteza aptitidi, na pamoja nayo mukate wa watoto. Akauza kiwanja, akaongeza deni ya benki, akapanda ndeke kwenda India. Ku kazi aliomba konje, akasema anaenda kumuona kaka yake. Ni bibi yake tu aliyejua ukweli.

Kule walimuwekea kile ambacho Wafaransa wanaita anneau gastrique, mukaba wa tumbo. Ni pete laini ya silikoni inayozungushwa juu ya tumbo la chakula, karibu na fasi mulio unapoingilia. Juu ya pete kunabaki kifuko kidogo. Kikijaa, mutu anasikia ameshiba. Kutoka ku pete kuna mupira mwembamba unaofika mpaka ku kisanduku kidogo kilichofichwa chini ya ngozi ya tumbo. Munganga akitaka kukaza, anapitisha maji ya chumvi ndani ya kile kisanduku kwa shindano ya pekee. Pete inavimba na njia inakuwa nyembamba. Akitaka kulegeza, anavuta maji.

Dawa hii haikuzaliwa jana. Mukaba wa namna hii uliwekwa mara ya kwanza kwa matundu madogo, bila kufungua tumbo lote, mwaka 1993 huko Huy, Ubelgiji, na munganga Mitiku Belachew, mwana wa Ethiopia. Marekani iliuruhusu mwaka 2001. Wengi waliupenda sababu tumbo halikatwe na mukaba unaweza kutolewa. Lakini miaka ilipopita ilionekana kwamba wagonjwa wengi wanarudi kupasuliwa mara ya pili. Leo waganga wengi wa Ulaya na Marekani wameuacha, wanakata sehemu kubwa ya tumbo lenyewe. Lakini wale waliofungwa zamani wangali nao ndani.

Hapa njo penye neno letu. Mukaba si kama jino, ambalo linatolewa na habari inaisha. Ni kama moteri: bila matunzo inakufa, na inaweza kukuua. Kukaza kwa kwanza kunafanyika kwa kawaida karibu juma 4 mpaka 6 kisha kupasuliwa, na mwaka wa kwanza mutu anarudi kwa munganga mara kwa mara. Kisha anaendelea kuonwa maisha yote. Mwenzetu alikaa India siku kumi. Alirudi tena mara moja, wakamukazia mukaba, na siku ya tatu akapanda ndeke. Alirudi na mukaba, hakurudi na mutu wa kuulegeza.

Miaka ya uzuri, kisha usiku

Kwanza ilitembea vizuri. Alipungua, tansio ikashuka, munganga wa kazi akamusifu. Watu wakamuuliza siri, akasema ni michezo. Miaka ikapita, hakuna aliyeutazama ule mukaba. Mwaka wa saba, chakula kikaanza kukataa. Kwanza nyama, kisha bukari, kisha hata supu. Usiku alikohoa, maji makali yakipanda ku mulio. Njo wakati wa ile sashe.

Siku alipoanguka, ku dispansere walimutunza malaria. Kisha wakasema ni vidonda vya tumbo. Walimuwekea seruma ya sukari, na juu ya mugongo wakamupa diklofenaki. Hatuwalaumu. Wataona ginsi gani kitu ambacho mwenyewe ameficha? Alinyamaza juu alidanganya konje, akaogopa kufukuzwa. Usiku wa pili akaanza kuona vitu viwili-viwili, na miguu ikalegea.

Walipomuhamisha ku lopitali kubwa, bibi yake akashindwa kuvumilia. Alitoka mbio mpaka nyumbani, akarudi na bahasha aliyoificha chini ya vitenge. Akamushika munganga mukono: "Munganga, bwana yangu balimuwekeaka mukaba mu tumbo. Mikanda yake yote ni hii."

Mukanda ule ndio ulimuokoa. Ulikuwa kwa Kiingereza, lakini yule munganga kijana aliusoma: aina ya pete, tarehe, kiasi cha maji kilichowekwa. Palepale aliomba apewe shindano ya vitamini B1 mbele ya kuendelea na seruma ya sukari. Sisi tulishangaa, akatueleza. Mutu anayetapika juma nyingi anaishiwa B1. Ukimupa sukari bila kumupa B1 kwanza, ubongo na mishipa vinaweza kuharibika zaidi. Kuona mbili-mbili na kulegea miguu ilikuwa alama yake.

Kisha akapapasa tumbo, akakipata kisanduku. Shindano ya pekee ilitafutwa mu muji karibu siku nzima, juu ya kawaida inaweza kuharibu kisanduku. Alipovuta maji, mwenzetu alimeza mate. Tulikuwa pale. Mutu aliyekuwa akitema mate ndani ya bakuli kwa siku mbili akameza, akaomba kijiko cha maji, kikapita. Akalia, na bibi yake akalia.

Lakini haikuishia pale. Walimunywesha dawa nyeupe na kumupiga radio. Picha ikaonyesha kwamba tumbo limeteleza na kupanda juu ya pete. Mukaba ulipaswa kutolewa.

Nani atalipa?

Tulipiga simu kule alikofungwa. Ile nambari aliyopewa haikuita tena. Ku nyingine walitujibu vizuri: arudi, alipe, watamuona. Mutu asiyeweza kusimama apande ndeke masaa mangapi?

Ku kampuni, jibu la kwanza lilikuwa baridi: alikwenda kwa hiari yake, si ugonjwa wa kazi. Sisi tulisema hivi: hatuombe mulipe safari ya India. Lakini Code du Travail ya 2002 inamupa patroni muzigo wa matunzo ya mutumishi na familia yake, na huyu mutumishi yuko kitandani. Tulizungumza juma tatu. Tulipata siku za ugonjwa, ambilansi, na vitanda vya lopitali vilipwe. Kupasuliwa kwenyewe kulibaki juu ya familia. Tulichanga, kila poste ilitoa kidogo, ndugu wakauza ngombe.

Mukaba ulitolewa. Mwenzetu yuko muzima. Lakini hajarudi ku kamyo. Sasa anatumika ku ofisi ya kupanga zamu, na mushahara umepungua. Kilo zingine zimerudi. Deni ya benki ingaliko.

Kama unataka kwenda

Hatuseme mutu asitunze unene wake. Unene unaopandisha tansio na sukari ya damu ni ugonjwa, si ishara ya utajiri, na wa kupasuliwa wako wanaopona vizuri. Lakini mbele ya kulipa hata dola moja, ulize maneno haya, na majibu yaandikwe:

Kisha kurudi, ni munganga gani wa huku atakaenifuata? Mupate yeye kwanza, umuone uso kwa uso, kisha ununue tiketi. Asipopatikana, usifungwe.

Tatizo likitokea, nani atalipa? Bei ya kupasuliwa si bei yote. Weka pembeni franga za vizite, za picha, na za kutoa.

Munganga wa kampuni anajua? Mwambie. Siri yako inamufunga yeye pia kwa sheria ya kazi yake.

Kama wanakushauri kukatwa tumbo pahali pa mukaba, ujue kwamba kilichokatwa hakirudi, na vitamini utazimeza maisha yote, ukipimwa damu.

Kama tayari uko nao

Mukanda wako wa lopitali, fanya kopi tatu: moja ya bibi ao bwana, moja ya munganga, moja ndani ya simu. Mukaba bila mukanda ni sanduku bila ufunguo.

Ku chakula, bukari ni adui mwenye kujificha. Donge lililozoea kuteremka bila kutafunwa linanasa pale juu. Mukate mulaini na nyama ngumu ni vilevile. Kula donge dogo kama ncha ya kidole, tafuna, ngoja. Usinywe maji pamoja na chakula, na uache vinywaji vya gesi. Kikinasa, usisukume na donge lingine. Sisi ku karieri tunapata joto sana, kwa hiyo kunywa maji kidogo-kidogo katikati ya masaa ya kula. Omba shefu wa poste akuruhusu chupa ndani ya kabini.

Juu ya mugongo, usinunue diklofenaki ao ibiprofeni barabarani. Dawa hizo zinachoma tumbo lenye mukaba. Uliza munganga akupe nyingine.

Bamama, mukipata mimba, mwende mapema: mukaba unaweza kulegezwa ili mama na mutoto wakule.

Kimbia lopitali siku ileile kama mate hayapite, kama unatapika bila kusimama, kama tumbo linauma kwa nguvu, kama kuna homa, kama choo ni cheusi, kama ngozi juu ya kisanduku imekuwa nyekundu ao inatoa usaha. Usaha wa kisanduku kisha miaka mingi unaweza kuwa alama kwamba pete imetoboa tumbo na kuingia ndani. Na wale waliopasuliwa juzi wakasafiri mbali: muguu mumoja ukivimba na kuuma, ao pumuzi ikakatika, usingoje asubui. Ni damu iliyoganda.

Ukifika, neno la kwanza liwe hili: "Niko na mukaba mu tumbo." Mbele ya kusema malaria, mbele ya kusema vidonda.

Ile sashe

Mwenzetu alituambia siku moja, tukiwa tumekaa mbele ya nyumba yake: "Kama mulinilizaka siku ya kwanza, labda ningesema." Labda angesema, labda angekataa. Lakini sisi hatukuuliza. Tunajua kuuliza juu ya primi, juu ya kofia na viatu vya usalama, juu ya masaa ya ziada. Mutu anayetapika nyuma ya kontena miezi miwili, tulimuachia maneno ya watu.

Sasa delegasio yetu imeomba kampuni vitu viwili. Cha kwanza, mutumishi yeyote aliyepasuliwa inje ya inchi awe na fishi yake ku dispansere, bila kuadibiwa kwa namna alivyoomba konje. Cha pili, yule anayepaswa kula polepole kwa shauri la munganga aongezewe dakika za kula. Hatujajibiwa bado. Tutarudi kuomba.

Na wewe unayesoma hii, kama kuna mwenzako mwenye sashe mu mufuko, usingoje kesho. Kaa karibu yake, umuulize.