Hisia za Msomaji katika Riwaya ya Mauaji: Jinsi ya Kuzieleza na Kuzitetea

Swali la riwaya katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3) lina alama 20. Swali hilo laweza kukutaka ueleze jinsi mwandishi alivyofaulu kujenga taharuki, au jinsi mhusika fulani anavyomwathiri msomaji. Watahiniwa wengi huandika hivi: "Riwaya hii inasisimua sana na humfanya msomaji asibanduke kitini." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini pia haina alama. Inamwambia mtahini ulivyohisi, haimwambii ni nini kitabuni kilichokufanya uhisi hivyo.

Katika sehemu hii tutatumia riwaya za mauaji kujifunza jinsi ya kutoka kwenye hisia hadi kwenye hoja. Tumezichagua kwa sababu katika riwaya za aina hii hisia za msomaji huamshwa kwa makusudi, tena hatua kwa hatua.

Kwa nini mji mdogo?

Waandishi wengi wa riwaya za upelelezi huchagua mandhari ya kijiji au mji mdogo. Wewe unayesoma Kitui au Makueni unaweza kueleza sababu bila kufunzwa. Fikiria mji wa soko wenye barabara moja ya lami, kinu cha kusaga, duka la dawa na steji ya bodaboda. Mwenye duka anajua mama yako anakopa nini. Mgeni akishuka kwenye matatu, kufikia jioni kila mtu ameshauliza ni wa nani.

Sasa fikiria mtu ameuawa katika mji kama huo. Baada ya wiki mbili anauawa mwingine, kisha wa tatu. Mandhari yale yale yaliyokuwa yakikupa usalama yanageuka kuwa tisho, kwa maana muuaji lazima awe mtu anayejua njia zote. Hapo wasomaji hugawanyika. Wapo wanaomshuku mgeni, na wapo wanaokumbuka kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mwandishi stadi hucheza na makundi yote mawili.

Mfano wa kwanza: msomaji anayemhukumu maskini

Katika riwaya ya Agatha Christie, *The ABC Murders* (1936), mpelelezi Hercule Poirot anapokea barua zinazotangaza mapema siku na mji ambapo mauaji yatatokea. Mjini Andover anauawa mwanamke mzee mwenye duka dogo la tumbaku. Mjini Bexhill anauawa msichana mhudumu wa mkahawa. Huko Churston anauawa tajiri. Kila mara kitabu cha ratiba za treni kinaachwa karibu na maiti.

Sehemu kubwa ya riwaya inasimuliwa na Hastings, rafiki wa Poirot. Hata hivyo, mara kwa mara zinaingizwa sura fupi ambazo si masimulizi yake. Sura hizo zinamfuata Bwana Cust, mchuuzi wa soksi anayeenda mlango hadi mlango. Ni maskini, mpweke na mgonjwa, tena hukumbwa na vipindi vya kutokumbuka alichofanya. Kila palipotokea mauaji, naye alikuwapo. Msomaji anamshuku kabla hata polisi hawajalisikia jina lake. Polisi wanamkamata, na Cust mwenyewe anaanza kuamini kwamba huenda ndiye muuaji.

Kumbe siye. Muuaji ni ndugu ya yule tajiri wa Churston. Alitaka kumuua ndugu yake kwa sababu ya mali, akaua wengine ili kifo kimoja kifichike kati ya vifo vingi. Bwana Cust alitafutwa na kuandaliwa ili alaumiwe.

Simama hapo ujiulize: kwa nini nilimshuku Cust? Hukuwa na ushahidi kwamba aliua. Ulichokuwa nacho ni umaskini wake, upweke wake na mzigo wake wa bidhaa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani. Riwaya hii inaipinga methali hiyo, kwa kuwa jambo lililosemwa juu ya Cust halikuwapo wala halikuwa njiani. Lilitengenezwa na mtu aliyejua jinsi watu wanavyofikiri.

Suala hili si la vitabuni tu. Umewahi kusikia mtu akipigiwa ukelele wa "mwizi!" sokoni na umati ukakusanyika kabla ya yeyote kuuliza kimeibwa nini. Umati ule hufanya kwa mawe kile ambacho msomaji hufanya kwa mawazo. Tofauti ni kwamba msomaji ana sura ya mwisho ya kumsahihisha, ilhali aliyepigwa huenda asipate nafasi ya pili. Ukiligundua hili, umelifikia dhamira, nawe umeanzia kwenye hisia yako mwenyewe.

Mfano wa pili: msomaji anayeogopa mahali

Katika fasihi ya Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anapatikana amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa. Mpelelezi Bwana Msa, mvutaji kiko, hakubali kwamba mizimu imeua. Anauliza maswali, anapima majibu, na ukweli anaupata kwa binadamu.

Msomaji wa Kitui haingii katika riwaya hii mikono mitupu. Amesikia kwamba ukilizunguka jiwe la Nzambani mara saba utabadilika jinsia. Huenda amesikia pia habari za *mathembo*, mahali pa matambiko pa Wakamba. Kwa hiyo mzimu unapotajwa, tayari ana nusu ya imani. Wahakiki wa nadharia ya upokezi, kama Mjerumani Hans Robert Jauss, huuita mzigo huu wa mapema upeo wa matarajio. Mwandishi huutumia kukuvuta upande mmoja, kisha mpelelezi anakurudisha kwa hoja.

Je, wasomaji wakitofautiana?

Riwaya nyingine ya Christie, *The Murder of Roger Ackroyd* (1926), ilizua ubishi mkubwa kwa sababu msimulizi mwenyewe ndiye muuaji. Baadhi ya wasomaji walisema wamedanganywa. Wengine walirudi ukurasa wa kwanza wakaona kwamba ishara zilikuwapo, ila wao walizipita. Pande zote mbili zinaweza kupata alama mradi kila upande uoneshe mahali kitabuni. Usiandikie mate na wino ungalipo.

Kutoka hisia hadi hoja

Kila hoja yako iwe na hatua tatu: taja mbinu, toa mfano mahususi, kisha eleza athari yake kwa msomaji na uhusiano wake na maudhui. Linganisha majibu haya:

*Jibu hafifu:* Msomaji anamhurumia Bwana Cust kwa sababu anateseka sana.

*Jibu bora:* Mwandishi anabadilisha mtazamo wa usimulizi. Sura za Cust zinasimuliwa bila Hastings, hivyo msomaji anamwona akiwa peke yake, mwenye hofu, katika miji ya mauaji. Hali hii inamfanya msomaji amshuku mapema. Ukweli unapofichuka, shaka hiyo inageuka kuwa huruma na majuto, na maudhui ya kuwahukumu wanyonge bila ushahidi yanajitokeza.

Jibu la kwanza lina hisia pekee. La pili lina mbinu, mfano, athari na maudhui.

Tanbihi: Vitabu vilivyotajwa hapa ni vya kufundishia mbinu. Katika mtihani, toa mifano yako kutoka riwaya teule.

Zoezi

1. Eleza jinsi mandhari ya mji mdogo yanavyochangia kujenga taharuki. (alama 4)
2. Chagua mhusika mmoja katika riwaya teule ambaye mtazamo wako kumhusu ulibadilika. Taja mahali ulipobadilika na mbinu iliyoubadilisha. (alama 6)
3. "Msomaji naye hutoa hukumu." Kwa kurejelea riwaya teule, jadili kauli hii. (alama 10)

Katika swali la tatu, usianze kuandika kabla ya kuorodhesha hoja tano, kila moja na mahali pake kitabuni. Hoja usiyoweza kuitafutia mahali, ifute.