Kutoka Wodini hadi Bungeni

Mama wa Shauri Moyo au Bahati, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, akishikwa na uchungu, hospitali ya kwanza kutajwa huwa Pumwani. Ilifunguliwa mwaka 1926, na tangu ugatuzi uanze 2013 inasimamiwa na Kaunti ya Nairobi. Kwa hiyo glavu zikiisha au mshahara wa muuguzi ukichelewa, lawama humfikia gavana na wawakilishi wadi. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti mbalimbali waligoma takriban miezi 5. Si ajabu basi muuguzi kutamani siasa.

Grace Ogot aliwatangulia wauguzi wenye ndoto hiyo. Alizaliwa Nyanza mwaka 1930, akasomea uuguzi Mengo, Uganda, akaongezea masomo London, kisha akahudumu Maseno. Wengi humjua kwa riwaya yake ya 1966, The Promised Land, na kumsahau kwenye sare nyeupe.

Mwaka 1983 Rais Moi alimteua mbunge. Wengine wangetulia hapo! Lakini Horace Ongili, mbunge wa Gem, alipouawa 1985, Ogot aliachia kiti cha kuteuliwa, akaenda kuomba kura na kushinda uchaguzi mdogo. Baadaye akawa waziri msaidizi.

Eastlands nayo ilishawahi kuona mwanamke akipima ubavu na vigogo. Mwaka 1969 Jael Mbogo nusura amng'oe Mwai Kibaki, waziri mzima, katika eneo bunge la Bahati. Uchaguzi wa 1974 ulipofika, Kibaki alikuwa ameshahamia Othaya.