Kuuza Subaru Uliyoipamba Kabla ya Kurudi Nyumbani

Wapambanaji wa Emarati, leo naongea na wale wenzetu wenye Subaru WRX STI yenye turbo kubwa, ekzosti ya kunguruma na rimu zinazozidi kodi ya chumba. Mkataba unaisha, tiketi iko karibu, na gari bado halijauzwa.

Tuanze na hesabu, hata kama inauma. Mfano: gari ulilinunua dirham 40,000, ukafunga vitu vya 25,000. Kichwani mwako una mali ya 65,000. Sokoni huna. Hela ya fundi na ya kupanga upya kompyuta ya injini imeshaliwa, hairudi. Tena mnunuzi akisikia injini imeongezwa nguvu ndiyo kwanza anashusha bei, na ana sababu: hizi injini za lita 2.5 zinajulikana kwa kupasua pistoni zikisukumwa kupita kiasi. Kwenye vitabu vyangu mimi, ile 25,000 naiandika matumizi.

Ila zipo hela za kuokoa. Rimu, shokapu, viti vya mbio, hivi vina wateja wake, na mara nyingi vikiuzwa kimoja kimoja vinaleta zaidi kuliko vikiwa kwenye gari. Kama spea za kiwandani ulizitunza, zirudishe. Gari la kawaida hata mtu wa familia atalitazama. Lile la kunguruma linabaki kwa vijana, na vijana wengi wanakuja kujaribu mwendo tu, mfukoni hamna kitu. Angalizo: ukirudisha turbo ya zamani, na programu ya injini irudi ya kiwandani pia. Ukifanya nusu nusu utaua injini. Na mnunuzi mwambie gari lilifanyiwa nini, mwonyeshe risiti.

Halafu kuna sheria. Kubadilisha injini au chasi kunahitaji kibali. Abu Dhabi, tangu 2020, gari lililokamatwa kwa kosa hilo linakombolewa kwa dirham 10,000. Na huwezi kuhamisha umiliki mpaka gari lipite ukaguzi, faini ziishe, na deni la benki kama lipo lifutwe. Ekzosti ya kelele inaweza kukukwamisha hapo hapo.

Sasa wapo wanaosema, "Namwachia mshikaji, atauza anitumie." Ndugu yangu, mulkiya ikiwa na jina lako, faini zake zote ni zako, hata ukiwa umelala kwenu Tanga. Wengine wanafikiria kulipakia melini. Usukani uko kushoto! Kenya haipokei gari binafsi la namna hiyo, wala lililozidi miaka 8.

Kwa hiyo tangaza miezi miwili kabla. Mnunuzi akijua una wiki moja, bei anapanga yeye. Hela iingie kwanza, ndipo usaini kaunta.

Spea zikibaki, usikimbilie kuzituma Nairobi kwa sababu tu Subaru zimejaa kule. Rimu za STI kuanzia ya 2005 ni nati 5 kwa 114.3, na Impreza nyingi za kawaida ni 5 kwa 100. Utalipia mzigo, zifike, zisiingie.