Plastiki Inayolika kwa Niaba ya Meno

Wagonjwa wengi siwajui kwa sura, nawajua kwa meno. Mimi ni fundi wa maabara ya meno, Upanga, Dar es Salaam, na kinachonifikia kutoka kliniki ni kipimo: kisahani cha chuma chenye tope la rangi ya waridi lililokwisha kuganda, limebeba alama za meno ya mtu, limefunikwa kwa kitambaa kibichi lisikauke na kusinyaa. Tope hilo hutokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi, si ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani. Namimina plasta, nasubiri ikauke, nabandua. Mezani panabaki taya ya juu na ya chini za mtu ambaye saa hiyo pengine yuko kazini anakunywa chai.

Meno ya anayesaga usiku hujitangaza yenyewe. Chonge, ambazo kwa kawaida zina ncha, zimekatwa sawasawa kama zilizopigwa tupa. Magego yamepoteza vilima vyake. Nikishika plasta ya juu kwa mkono mmoja na ya chini kwa mwingine, nikazikutanisha jinsi mtu anavyotafuna ugali, mabapa yaliyolika hayaonani. Basi naisogeza ya chini pembeni, polepole, mpaka chonge yake itokeze nje ya ile ya juu, na hapo, tak! Bapa limekaa juu ya bapa, hakuna hata upenyo wa kupitisha karatasi. Jaribu kuipeleka taya yako huko ukiwa macho, mbele ya kioo. Utajicheka. Lakini usiku ndiko inakokwenda.

Tabaka la nje la jino, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kuliko hata mfupa. Likishaisha halioti tena. Chini yake kuna tabaka la manjano lililo laini zaidi, na kulika kwake hakungoji. Mchana meno ya juu na ya chini hugusana kwa dakika chache tu ukijumlisha yote, maana hata tukitafuna chakula kinakuwa katikati. Usiku hakuna chakula. Ni jino kwa jino.

Mama mmoja alinijia na mwanawe wa darasa la pili anayesaga meno usiku, akaniuliza, "Fundi, si minyoo hii?" Nimelisikia swali hilo maisha yangu yote, na hata bibi yangu angeapa kwamba ni minyoo. Dawa ya minyoo mtoto anaweza kupewa kwa sababu zake, ila haimwachishi kusaga meno. Watoto wengi husaga, na wengi huacha wenyewe wakikua. Kwa kawaida hatuwatengenezei kinga ya meno ya kuvaa usiku, kwa kuwa taya zao bado zinatanuka na meno yanabadilika.

Kwa watu wazima picha ni nyingine. Katikati ya usingizi ubongo huibuka kidogo, bila mtu kuamka. Mapigo ya moyo huongezeka, kisha misuli ya kutafuna inakaza. Wasiwasi na mawazo huchochea, vilevile pombe, sigara, kahawa ya usiku na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo. Wengine wameirithi tu. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikubaliana kwamba kwa mtu mwenye afya njema, kusaga meno usingizini si ugonjwa bali ni tabia ya misuli. Kwa hiyo mtu asitishike. Ila anayeamka na maumivu ya kichwa kwenye panja, taya nzito, au meno yanayoshtuka akinywa maji baridi, aende akaangaliwe.

Sasa kinga yenyewe. Watu huja wakidhani itawaachisha kusaga. La. Wengi wataendelea kusaga, tofauti ni kwamba watasaga plastiki. Ile ninayoiamini mimi ni ngumu, ya akriliki, nyenzo ileile tunayotengenezea meno ya bandia, yenye unene wa milimita mbili hivi kwenye magego. Naifunga plasta ya juu na ya chini kwenye kifaa chenye bawaba kinachoiga mwendo wa taya, nachonga umbo kwa nta, nabadilisha nta kwa akriliki, nachemsha, nasugua mpaka ing'ae. Kisha daktari humpa mgonjwa aume karatasi ya bluu, na kila doa lililokolea kuliko mengine hupunguzwa, mpaka meno yote yagonge kwa uzito mmoja. Dakika hizo za karatasi ya bluu ndizo zinazolipiwa hasa. Kinga isiyosawazishwa humlaza mtu akiwa ameuma upande mmoja, na asubuhi taya inalalamika kuliko jana.

Zipo za dukani, za kuloweka kwenye maji ya moto na kuuma zingali laini. Kwa kusubiri miadi, sawa. Kwa miezi mingi, sizipendi: ni laini, na watu wengine wakipata kitu laini mdomoni hutafuna zaidi. Mbaya kuliko hizo ni zinazofunika meno ya mbele peke yake. Magego yasiyoguswa na kitu usiku baada ya usiku huweza kusogea, na ukiivua unakuta meno hayafumbani kama zamani.

Jambo jingine mgonjwa asilifiche kwa daktari: kukoroma. Kama mwenzio wa chumbani anasema pumzi yako hukatika usingizini kisha unashtuka, hilo lichunguzwe kwanza, kwani kwa baadhi ya watu kinga ya taya ya juu huizidisha hali hiyo.

Kuitunza si kazi. Asubuhi isugue kwa mswaki laini, sabuni na maji baridi. Dawa ya meno ina chembe zinazoikwaruza, na maji ya moto huipinda. Kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani Posta ni hasara ya aina hiyohiyo. Ihifadhi kwenye kikasha chenye matundu, na kila unapokwenda kukaguliwa meno ichukue, daktari aone mikwaruzo imeelekea wapi. Ikitoboka umepata haki yako: tundu hilo lingekuwa kwenye gego. Na ukifuga mbwa, kikasha kikae juu. Mbwa hupenda harufu ya mate ya bwana wake, na kinga aliyoitafuna yeye hairekebishiki, tunaanza upya na kipimo.