Taa Kuwaka Si Dalili ya Maji Salama

Mwaka 1993 kimelea kiitwacho Cryptosporidium kilipenya kwenye maji ya mji wa Milwaukee, Marekani, na watu wapatao 400,000 wakaugua. Maji yalikuwa yametiwa klorini, lakini ganda la kimelea hicho huihimili. Miaka michache baadaye watafiti walionyesha kuwa mionzi ya urujuanimno, hata kidogo, hukidhibiti. Leo mitambo ya mionzi hiyo imefungwa hadi majumbani.

Ndani ya mtambo, mionzi ya nanomita 254 huharibu DNA ya kijidudu. Kikishindwa kuzaana, hakiambukizi tena. Kazi hiyo hufanyika kwa sekunde chache tu maji yanapopita kando ya taa, kwa hiyo pampu inayosukuma maji kupita uwezo wa mtambo huyanyima dozi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwanga wa bluu tunaouona sio unaoua vijidudu. Mionzi yenyewe haionekani. Taa nyingi za majumbani hutakiwa kubadilishwa baada ya saa 9,000 hivi, yaani mwaka mmoja. Zikipita muda huo huendelea kung'aa ilhali nguvu yake imeshuka. Badilisha taa kwa kufuata tarehe, usisubiri izimike.

Adui mwingine ni uchafu. Maji ya kisima yenye chuma au chokaa huacha ukoko juu ya mrija wa kwatsi unaoifunika taa, nao huzuia mionzi. Usugue kwa siki na kitambaa laini. Weka pia chujio la mikroni 5 kabla ya mtambo, kwa sababu vijidudu hujificha nyuma ya chembe za tope.

Kabla ya kufungua mtambo, chomoa umeme, funga maji, kisha fungua bomba ili presha itoke. Usiitazame taa ikiwaka nje ya mtambo, maana huunguza macho na ngozi. Ishike kwa glavu safi. Ikivunjika, fungua madirisha na uokote vipande kwa karatasi ngumu bila kufagia, kwani ndani yake mna zebaki.

Umeme ukikatika, maji hupita bila kutibiwa, isipokuwa kuna vali inayojifunga. Kwa kuwa mionzi haiachi kinga yoyote ndani ya maji, mabomba yaliyopitisha maji hayo yasafishwe kwa klorini.

Mionzi haiondoi kemikali pia. Floridi ya visima vya Arusha na kwingineko katika Bonde la Ufa hubaki vilevile, kwa hiyo pima maji kwanza.

Unapopiga hesabu ya bei ya mtambo, jumlisha na taa mpya ya kila mwaka. Asiyeimudu, ni heri aendelee kuchemsha maji yake.